Usiseme Hakuna, na Hali Kipo



Bila shaka umewahi kuingia dukani ukaulizia kitu, na mwenye duka akakujibu "hakuna" huku macho yake yakiyakimbia macho yako. Ukatoka, wala hukumshitaki kwa mtu, kwani ushahidi huna. Ushahidi uko moyoni mwako, na moyoni mwake. Leo nataka tuzungumze juu ya neno hilo dogo. Wala sitazungumza kama mtu aliyeambiwa, bali kama mtu aliyelisema. Nililisema Lushoto, mwaka 1982, nikiwa nyuma ya meza ya duka la mjomba wangu, na niliyemwambia alikuwa mzee aliyefiwa.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilipelekwa Lushoto mwaka 1979, kijana wa miaka kumi na tisa, nimsaidie kaka yake mama ambaye alikuwa na duka karibu na soko tangu kabla ya Azimio la Arusha. Wewe uliyezaliwa pwani, ukifika Mombo ukaanza kuipanda ile barabara ya milimani, kiasi cha kilomita 33 kwa kupitia Soni, waona miti inabadilika na baridi inakuingia kwenye mikono ya kanzu. Miezi ya Juni na Julai asubuhi ukungu hukaa mpaka jua likapanda, na mtu hutafuta makaa kama pwani tutafutavyo maji ya kunywa. Lakini nchi ile ina baraka. Kabichi, karoti, viazi ulaya, maharagwe na mapeasi, vyote vyashuka kutoka Malindi, Lukozi, Mlalo na vijiji vingine vya Usambara kwenda kulisha Tanga na Dar es Salaam. Zikumbuke mboga hizi, maana nitazirudia.

Kwa faida ya vijana ambao hawakuyaona, yafaa nieleze hali ilivyokuwa. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa tangu Februari ya mwaka huo hadi Novemba 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, nasi tukaingia vitani mpaka katikati ya 1979. Vita tulishinda, lakini hazina ya nchi ilibaki haina kitu. Fedha za kigeni zikawa adimu, viwanda vikakosa vipuri na mafuta, vikawa vyafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Basi nchi ilimayo pamba ikakosa kitambaa, nchi yenye mashamba ya miwa ikakosa sukari, na sisi wenye minazi tukakosa sabuni. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Walivaa katambuga za matairi ya gari. Chai ilinywewa bila sukari, na aliyepata tende aliing'ata pembeni.

Mwenye duka la binafsi alikuwa na shida yake juu ya shida ya watu wote. Bidhaa za viwandani zilipitia kwa makampuni ya biashara ya mikoa, na bei zilipangwa na Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka. Maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yale ya vijiji yashike nafasi yake, na baadaye operesheni ikasimamishwa kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito kuliko mabega. Duka la mjomba lilinusurika. Lakini mgao ulipotoka Tanga, sisi tulikuwa wa mwisho mstarini. Tulipata katoni moja ya sabuni, kisha miezi miwili kimya.

Na hapa ndipo ulipokuwa mtihani, ndugu yangu. Sabuni ilikuwapo kwa walanguzi, lakini kwa bei mara tatu au nne ya ile ya Tume. Ukiinunua huko ukaiuza kwa bei ya serikali, umekula hasara ya wazi. Ukiiuza kwa faida, umevunja sheria. Usipoinunua kabisa, rafu zako tupu, na watoto wako wataka kula. Mwenye duka mwaminifu alikuwa amebanwa pande zote tatu. Nasema haya ili usidhani kwamba kila aliyeteleza siku zile alikuwa mtu mbaya toka asili yake.

Mjomba alifanya nini? Nilimwona akifanya mambo manne.

Kwanza, aliuza kidogo kidogo. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi mwembamba vipande sawasawa. Mafuta ya taa aliyapima kwa kikombe, chumvi kwa kibaba, sigara aliuza moja moja. Kilichokuwapo alikitandaza juu ya meza kila mtu akione, na kila nyumba ilipata sehemu moja tu, awe jamaa yake au mtu baki. Shangazi yake mwenyewe alinuna mwezi mzima kwa kunyimwa kipande cha pili.

Pili, alitoa cherehani ya mke wake akaiweka barazani. Kwa kuwa nguo mpya hazikuwapo, watu walileta za zamani. Fundi aligeuza kola za mashati, upande uliochakaa ukaingia ndani. Aliunganisha khanga mbili zilizochanika ikapatikana moja nzima, na suruali ya baba aliikata ikamfaa mtoto. Kuna miezi cherehani hiyo ilitulisha sisi sote, na duka likawa kama mapambo nyuma yake.

Tatu, aliangalia ni vitu gani visivyohitaji fedha za kigeni, akashikamana navyo. Hapa ndipo mboga zinapoingia. Alishirikiana na mwenye lori aliyekuwa akipeleka kabichi na viazi Tanga. Lori lilikuwa likirudi tupu. Mjomba akamwambia lirudi na chumvi, nazi na papa mkavu. Chumvi yatoka katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu wenyewe, nazi Mungu ameziotesha, na papa ni wa bahari ile ile. Hakuna dola ndani yake. Siku za gulio wanawake wa Kisambaa waliteremka na maharagwe, wakarudi na chumvi na nazi, pengine bila shilingi moja kupita mkononi. Wenye maduka waliongoja meli kutoka ng'ambo walifunga milango. Mjomba hakufunga.

Nne, alikuwa na daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyekopa aliandikwa mbele ya macho yake, akasomewa alichokopa, na aliyeshindwa kulipa alipewa muda. Lakini mjomba hakumkopesha mtu ila kile alichomwona anakihitaji. Peremende na sigara havikukopeshwa.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka 1982 Ramadhani iliingia katikati ya baridi, mwishoni mwa Juni. Mjomba alikuwa na desturi ya kunituma Mombo kupokea mzigo. Siku moja utingo wa lori alinivuta pembeni akanionyesha jora zima la bafta. Bafta, ndugu msomaji! Kitambaa cheupe kilikuwa hakijaonekana Lushoto kwa miezi. Nikapiga hesabu. Kumi la mwisho la Ramadhani watu watatafuta kitambaa cha kanzu na nguo za watoto za Idi, nao watatoa bei yoyote. Nilikuwa na akiba yangu kidogo. Iliyopungua niliichukua katika fedha za mjomba nilizokuwa nimepewa, nikijiambia nitairudisha kabla hajajua. Nikalipanda nalo jora usiku, nikalifukia ghalani chini ya magunia ya maharagwe.

Siku chache baadaye mjomba alishuka Tanga kufuatilia mgao. Jioni, watu wamekwisha futuru, alikuja mzee mmoja kutoka vijiji vya upande wa Magamba. Nilimjua, alikuwa miongoni mwa wateja wetu wa zamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanyamaza kidogo. Kisha akasema mkewe amefariki alasiri ile, na kesho asubuhi watazika.

"Mwanangu, bafta ipo?"

Nitakueleza ukweli, msomaji, ingawa miaka zaidi ya arobaini imepita. Sikulijibu swali lile mara moja. Nilipata nafasi ya kufikiri. Nilifikiri kwamba nikitoa dhiraa za sanda, jora litajulikana, na mjomba atauliza fedha zimetoka wapi. Nilifikiri pia ile bei ya kumi la mwisho. Nikasema:

"Hakuna, mzee wangu. Hata uzi haupo."

"Haidhuru," akasema. Akaomba kafuri na pamba, nikampa, nikakataa fedha yake. Nilijiona nimefanya wema. Akawasha kurunzi yake iliyokwisha nguvu, akatoka kwenda kujaribu duka jingine.

Yule bibi alizikwa kwa shuka ya kitandani iliyofuliwa na kanzu ya mumewe. Maziko yake yalikuwa sahihi, wala hapana aibu juu yake wala juu ya watu wake, maana sheria yatutaka kitambaa safi cha halali kinachomsitiri maiti, basi. Anayedaiwa katika jambo hili si aliyezikwa, wala si waliozika.

Mjomba aliporudi alikwenda kutoa pole. Alikaa matangani na watu wakasimulia jinsi mji mzima ulivyokosa sanda. Aliporejea alinisimulia nami, akasikitika, na mimi nikasikitika pamoja naye. Naam, niliweza hata hilo. Siku ya tatu yake alisikia panya ghalani, akahamisha magunia, akaliona jora.

Aliniita. Alikuwa amekaa juu ya gunia, na jora liko mapajani mwake.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, mjomba."

"Usiku aliokuja yule mzee, ilikuwapo?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza, ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa muda mrefu akilipapasa kitambaa kwa kidole gumba, kama afanyavyo mnunuzi. Kisha akasema:

"Mimi nimekaa barazani kwake, nikawaambia watu, wallahi hata dukani kwangu haikuwapo. Nimeapa, mwanangu, tena Ramadhani. Umeniapisha uongo."

Nikaanza kumweleza habari za faida, kwamba fedha ingerudi mara tatu, kwamba rafu ni tupu, kwamba na wengine wanafanya vivyo hivyo. Aliniacha nikamaliza yote. Akaniambia nichukue mkasi na futi. Usiku ule tulilikata jora lote vipande vya sanda. Asubuhi alikwenda msikitini akamwambia imamu kwamba atakayefiwa aje achukue kwa bei ya Tume, na asiye na kitu achukue bure. Hasara yake aliiandika katika daftari, kwa jina langu, mstari wangu kama mdaiwa yeyote, pamoja na zile fedha nilizochukua bila ruhusa. Deni lile nililifanyia kazi mpaka katikati ya mwaka 1984.

Lakini zito kuliko deni lilikuwa jingine. Alinituma nipande mwenyewe kwa yule mzee, nikamwambie kwa mdomo wangu.

Nilimkuta anapalilia maharagwe. Nikasema yote nikiwa nimesimama kwenye tuta, kwa kuwa hakunikaribisha kukaa. Alisikiliza, jembe mkononi. Alipojibu alisema maneno machache.

"Mke wangu amekwisha zikwa, nguo haikumpunguzia kitu. Nimekusamehe. Lakini jua kwamba usiku ule niligonga milango minne kwa sababu ya neno lako, na wanangu wakiningoja na maiti ndani."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Alinisamehe kweli, maana aliendelea kuja dukani. Ila kila nilipomjibu kwamba kitu fulani hakuna, alitazama juu kwenye boriti, akatazama magunia, kisha ndipo akatoka. Nadhani hata hakujua kwamba anafanya hivyo. Ilikuwa hivyo kwa miaka.

Mwaka uliofuata, Machi 1983, serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Aprili Bunge likapitisha sheria maalumu, na baraza maalumu likaundwa kusikiliza kesi hizo. Maduka na maghala yalipekuliwa nchi nzima. Watu walitupa sabuni na nguo usiku mitoni na maporini kwa hofu. Siwezi kuwasema wote waliokamatwa, kwani miongoni mwao walikuwamo wakosaji wakubwa, na walikuwamo wasiokuwa na kosa. Sisi pia tulipekuliwa. Walifungua kila gunia. Walikuta maharagwe, chumvi, na vipande vya sanda vilivyobaki, kila kilichotoka kimeandikwa jina la marehemu na bei. Wakaondoka.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza kwamba laiti msako ungekuja mwaka mmoja kabla, angelichukuliwa mjomba, si mimi, kwa kuwa ghala lilikuwa lake. Mtu asiyejua hata kwamba jora lipo angekwenda kujibu kwa ajili yangu. Mwizi wa dukani huiba kitu. Mimi nilikaribia kuiba jina la mtu na uhuru wake.

Juni 1984 serikali ililegeza masharti. Aliyekuwa na fedha zake nje aliruhusiwa kuagiza bidhaa, na taratibu rafu zikaanza kujaa. Novemba 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika uongozi wa nchi, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Vitu vikapatikana, lakini fedha ikapoteza nguvu. Dola iliyokuwa shilingi 17 mwaka 1984 ikafika shilingi 40 mwaka 1986. Hapo ndipo nilipoona mavuno ya lile daftari. Wadeni wa 1981 na 1982 walikuja kulipa. Kwa hesabu ya fedha, walicholipa kilikuwa nusu ya thamani yake au chini, na mjomba alipokea bila kuongeza hata senti. Lakini wengi, Wasambaa kwa watu wa pwani, walileta shilingi zilizoandikwa, na juu yake pishi ya maharagwe au mkungu wa ndizi kwa hiari yao. Nao waliendelea kununua kwetu hali ya kuwa sasa yalikuwapo maduka kumi mengine yenye sabuni ile ile. Baadhi ya waliotajirika kwa "hakuna" walifungua maduka mazuri kuliko letu, nisiwazulie. Lakini niliwaona wateja wakipita mbele ya milango yao wakija kwetu.

Ndugu msomaji, huenda waseme hayo ni mambo ya kale. Je, mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, hukuona bei ya barakoa ilivyoruka kwa siku mbili? Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika nchini, hukuambiwa "hakuna" katika duka ambalo usiku wake lilikuwa likiuza kwa mlango wa nyuma? Dhiki yarudi kwa sura nyingine, na kila irudipo mwenye duka huulizwa swali lile lile nililoulizwa mimi.

Wanazuoni wetu wa fiqihi wanaiita ihtikari, kuzuia kitu ambacho watu wana dhiki nacho ili bei ipande, na wameikataza. Hawakukataza kuweka akiba ya nyumba yako, wala hawakukataza faida. Mfanyabiashara ana haki ya kula kwa jasho lake, na katika msukosuko anayo haki ya kubadili biashara, kupunguza, hata kufunga. Mjomba alifanya yote hayo. Hakuwa tajiri, na hakufa tajiri. Ninachokuomba wewe mwenye duka, au wewe ambaye mwanao amekaa nyuma ya meza ya mtu, ni jambo dogo. Kama kitu kipo na hutaki kukiuza, sema kipo, sikiuzi. Mteja atakasirika, mtajadiliana, pengine atakueleza shida yake, na pengine moyo wako utalainika. Ukisema "hakuna" umemfungia mlango huo, yeye na wewe.

Na wewe mama au baba uliyemweka kijana dukani, usimwulize hesabu ya fedha peke yake jioni. Mwulize pia: leo umemwambia nani hakuna?

Mjomba aliniuliza hivyo kila jioni tangu siku ile mpaka nilipoondoka Lushoto. Mwanzoni nililiona swali lile kama adhabu. Sasa mimi ndiye ninayewauliza wajukuu wangu.

Mwenyezi Mungu awarehemu mjomba wangu, yule mzee na mkewe, na atusamehe sisi tuliobaki.